Nyuma ya Picha ya Barafu

Nina vitabu vinane vya zamani vyenye picha za safari za baharini. Vilikuwa tisa. Bahari yenyewe sijawahi kuiona. Maji makubwa niliyowahi kuyakaribia ni ya ziwa, kule Kasenyi, nayo niliyatazama kutoka mbali kwa sababu niliogopa kulowesha viatu. Watu huniuliza kijana wa Bunia anatafuta nini kwenye habari za Wareno na nyangumi. Nadhani nilipenda kwamba katika vitabu hivyo watu wanaondoka kwao kwa kupanga, wakiwa na ramani na mapipa ya maji, na wanaobaki wanasimama ufukweni wakipunga mkono. Huku kwetu sijaona mtu akiondoka hivyo.

Cha kwanza nilikipata kwenye karanga. Mama mmoja wa sokoni alikuwa anazifunga kwa kurasa za kitabu, na nilipokunjua karatasi yangu niliona mlingoti na kamba zake, kila kamba imechorwa kwa mstari mwembamba kuliko unywele. Nilirudi nikanunua karanga zake zote ili asiendelee kurarua. Vingine vilikuja kwa njia kama hiyo: kwa fundi viatu, kwa mchuuzi aliyerudi kutoka Ariwara, kimoja chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Ni vitabu vya Kifaransa vya wakati wa babu zetu, zawadi za shule au mali ya misheni. Sikuuliza vilipitia wapi. Katika mji wetu, kuuliza kitu kimetoka wapi ni sawa na kuuliza nani alikimbia.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni faida ya kuficha. Kabla ya kufungua kitabu nanawa mikono mara tatu. Nikifunga sanduku la bati ninamovihifadhi, natoka, narudi kujaribu kufuli, natoka, narudi tena. Sekondari sikuimaliza. Kazi yangu ni kutoa fotokopi na kuwajazia watu fomu katika chumba kidogo karibu na barabara kubwa. Mambo ya vitabu nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, vipande vipande, kila mtandao ulipokubali. Nilichokielewa ni kwamba kitabu chenye thamani lazima kiwe kamili na kiwe safi. Kamili maana yake picha zote zipo. Safi maana yake hakuna doa, hakuna mhuri, hakuna maandishi ya mtu. Waliofundisha hayo walikuwa mbali sana, na vitabu vyao havijawahi kubebwa kichwani na mtu anayekimbia. Hilo sikulifikiria. Nilichukua sheria yao kama ilivyo, nikaifuata kuliko wao wenyewe.

Kitabu cha tisa nilikinunua kwa mtu aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa masufuria na nguo zilizokwisha kuvaliwa. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui jina lake. Lakini picha zake zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona: kumi na sita kwa namba za Kirumi, kila moja ukurasa mzima, nyuma yake karatasi tupu, nzito, laini. Nyangumi akipindua mashua. Meli inayoungua. Kisiwa kilichojaa ndege mpaka mawe hayaonekani. Picha ya kumi na moja haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa wembe, kwa ustadi, bila kugusa ukurasa uliofuata. Na nyuma ya picha tatu kulikuwa na mistari ya penseli, maandishi madogo yaliyonyooka, kwa lugha nisiyoijua. Wazazi wangu ni wa upande wa Mahagi, na lugha hiyo haikuwa yetu.

Maandishi yale yaliniudhi. Naandika neno hili nikiwa na aibu, lakini ndilo neno lenyewe. Niliona mtu amechafua kitu kizuri. Nilianza na makombo ya mkate mweupe, nikayazungusha taratibu kama nilivyoona kwenye video. Kisha nikachukua gome, ndivyo tunavyoita kifutio cha shule, kile chenye rangi mbili: upande mwekundu wa penseli, upande wa bluu wa wino. Nyuma ya nyangumi na nyuma ya meli ulitosha ule mwekundu. Nyuma ya kisiwa cha ndege penseli ilikuwa imekandamizwa zaidi, nikageuza upande wa bluu, ambao una kitu kama mchanga ndani yake. Nilifuta asubuhi nzima. Nilipomaliza nilipepea unga wa gome kwa brashi ya kunyolea, nikainua karatasi, ikawa nyeupe. Nilifurahi sana. Siku ile hata kufuli nililijaribu mara moja tu.

Iliyobaki ni picha ya kumi na moja. Katika Kifaransa cha vitabu vya zamani, picha ya ukurasa mzima inaitwa planshi. Basi nikachapa tangazo kwa herufi kubwa, nikalibandika kwenye mlango wa chumba changu cha kazi: ninatafuta planshi za zamani, hata moja moja. Niliona nimeandika vizuri sana. Nilisahau kwamba kwetu planshi ni mbao, zile zinazoletwa na malori kutoka Mambasa.

Fundi seremala wa mtaa wa nyuma alikuja siku ya tatu, amebeba mbao mbili begani.

"Profesa, nimekuletea planshi. Hii iko ya zamani kweli, ya nyumba ya wazungu. Haina mududu."

"Minatafuta picha, fundi. Picha ya mu kitabu."

Akaziegemeza ukutani, akasoma tangazo tena, kidole chini ya kila neno.

"Sasa mbona uliandika planshi?"

"Mu Kifaransa ya bitabu, picha inaitwaka planshi."

"Weye unasoma mingi mpaka unatesa batu na muzigo." Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Picha ya nini?"

Nikamweleza: meli, bahari, labda barafu, kwa maana maneno ya ukurasa uliofuata yalizungumza juu ya barafu. Akaacha kucheka.

"Kuko mama moja mu kambi ya bakimbizi," alisema. "Alitoka Fataki. Alikuja kuniomba misalaba tatu, ya ndugu zake. Nikamuuliza niandike nini, akaniambia jina na siku ya kufa. Siku ya kuzaliwa, akasema niache nafasi, iko mu kitabu, na kitabu ilipotea. Yeye iko na karatasi moja tu, picha ya meli mu barafu. Ile misalaba ingali kwangu mpaka leo. Minaipitaka kila asubuhi, ile nafasi ya kuzaliwa haina kitu."

Ningependa kusema kwamba niliposikia habari za misalaba nilielewa. Sikuelewa. Nilichosikia ni picha ya meli katika barafu. Usiku wote nilipanga maneno ya kumshawishi aniachie, hata nikafikiria kumtolea fotokopi nzuri ya rangi abaki nayo.

Nilimkuta kambini, mbele ya turubai lake, anapanga makala, yaani makaa ya kuuza, katika mafungu madogo. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano. Jirani yake, bibi mmoja aliyetoka naye kijiji kimoja, alikuwa amekaa kando juu ya dumu, ananitazama viatu.

"Weye njo wa planshi," yule mama alisema. Seremala alikuwa amekwisha kumhadithia.

"Njo mimi, mama," nilijibu, yaani ndiye mimi.

"Kitabu yako iko na nyangumi?"

"Iko naye."

"Na meli yenye inaungua? Na kisiwa ya ndege?"

"Iko nazo zote."

Aliweka kipande cha makala chini, akajipangusa mikono kwenye kitenge, polepole, kila kidole. "Basi iko kitabu ya papa, ya baba yangu," alisema.

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki wenye kadi yake ya mpiga kura na karatasi iliyokunjwa mara moja. Aliikunjua juu ya magoti. Ilikuwa namba kumi na moja. Meli imebanwa na barafu, milingoti imeinama, na watu wadogo weusi wanashuka kwa ngazi wakiwa na mizigo migongoni. Nilitazama mkunjo uliokatiza katikati ya meli, na nilichokiwaza kwanza, Mungu anisamehe, ni namna ya kuunyoosha.

Kisha akaigeuza.

Nyuma kulikuwa na mistari minne ya penseli. Maandishi madogo, yaliyonyooka.

"Hii njo mimi," alisema. "Jina yangu, siku, mwezi na mwaka, saa. Hii neno ya mwisho ni mvua. Papa alikuwa anaandikaka hata kama kulikuwa mvua ao jua. Yaya yangu, kaka yetu mukubwa, iko nyuma ya nyangumi. Ule wa kati, nyuma ya meli ya moto. Mutoto wa mwisho, dada yetu, iko nyuma ya ndege. Papa alisema, siku utaolewa, ku ofisi ya komini batakuuliza ulizaliwa lini. Akakata yangu na wembe, akanipa. Bale wengine hawakufika siku ya kukatiwa yao."

Bibi wa dumu akaonyesha penseli ile kwa kidole, akasema, "Kreyo. Nilimwambia tumia biki ya wino, akakataa."

"Alisema biki itapita upande ingine, itaharibu picha," yule mama alieleza, na kwa mara ya kwanza alitabasamu kidogo. "Papa alikuwa mutu wa kuchunga sana."

Baba yule alikuwa mtu kama mimi. Alitumia penseli kwa sababu aliiheshimu picha, na kwa sababu alitumia penseli, mimi niliweza kumfuta.

"Uliona maandishi yake?" aliniuliza.

"Niliona, mama."

"Ulisoma?"

"Lugha siijui."

Majibu yote mawili yalikuwa kweli. Nilingojea swali la tatu, halikuja. Alisema tu, "Uniletee Siku ya Mungu. Sitakunyanganya kitabu yako. Mi naandika zile siku tatu, basi. Na kama unataka hii ya barafu, tutaona." Nilisema ndiyo. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikasahau kwamba pikipiki zipo.

Kesho yake sikufungua kazi. Niliweka meza mlangoni ambapo jua la asubuhi linaingia kwa upande, nikalaza karatasi karibu sawa na mwanga. Penseli ikiisha kufutwa huacha kijia kwenye karatasi, kama njia ya mchwa. Nyuma ya nyangumi nilikipata chote. Nyuma ya meli nilipata karibu chote, na tarakimu moja niliyoisitasitia niliilinganisha na nyingine mpaka nikaridhika. Nyuma ya kisiwa cha ndege karibu hakukuwa na kitu. Jina lilionekana kwa shida, na herufi mbili za neno la mwisho. Katikati, palipokuwa na siku na mwezi na mwaka, upande wa bluu ulikuwa umekwangua karatasi yenyewe. Niliijaribu kwa jua la asubuhi na la saa tisa, niliijaribu kwa taa ya simu, niliigusa kwa ncha ya ulimi nikidhani unyevu utaonyesha kitu. Ilikuwa laini kama shavu.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa utulivu, na hilo ndilo linalonitisha. Kazi yangu ni kujaza fomu, na mkono wangu unaweza kuiga mwandiko wowote. Nilipitisha penseli juu ya vijia vya wale kaka wawili. Kisha nikachukua karatasi za fotokopi nikajizoeza mwandiko wa baba yule: namna saba yake ilivyokatwa, namna mbili yake ilivyokuwa na mkia. Mwaka niliukadiria. Siku na mwezi niliviandika bila kufikiri, nikavihamishia nyuma ya kisiwa cha ndege, na hapo tu ndipo nilipoona nimeandika siku yangu mwenyewe ya kuzaliwa. Sikuibadilisha. Kurasa tatu zilikuwa zimejaa, mwandiko mmoja, nafasi sawa. Ilionekana kamili. Nilijiambia ni bora apewe kitu kuliko kupewa tundu, na maneno hayo yalinitosha mpaka Jumapili.

Jumapili aliweka kitambaa safi juu ya magoti kabla ya kukipokea kitabu. Bibi alisogeza dumu lake karibu. Yule mama alifika kwa nyangumi, akageuza, akasoma kwa sauti ya chini, akapitisha kidole gumba juu ya jina. Akafika kwa meli inayoungua, akafanya vilevile. Alikuwa analia bila kufanya sauti, kama mtu anayefanya kazi nyingine wakati huohuo. Akafika kwa ndege. Akaisoma ile tarehe, na mwezi aliutaja wazi.

"Mwezi gani?" bibi aliuliza.

Akarudia.

"Hapana," bibi alisema. "Mi njo nilimupokea ule mutoto. Mama yenu alianza kuumwa tukiwa ku shamba, tunangoa maharage. Tuliacha magunia palepale, mbuzi zikakula. Mwezi ule hakuna maharage."

"Lakini papa aliandika."

"Basi papa yako alikosea."

"Papa hakukuwa anakoseaka."

"Kila mutu anakosea, binti yangu. Alikuwa na batoto bane, alichanganya."

Yule mama alipitisha kidole tena juu ya tarehe. Nikaona uso wake unaanza kukubali. Polepole, kwa huruma, alikuwa anaanza kuamini kwamba baba yake, mtu aliyekata ukurasa kwa wembe bila kugusa wa pili yake, hakujua siku aliyozaliwa mtoto wake wa mwisho. Jambo hilo sikuweza kulivumilia. Sitaki kulipamba. Haukuwa wema. Nilishindwa tu kuona mtu mwangalifu akisingiziwa uzembe, na mzembe akiwa mimi.

"Iko mimi, mama," nilisema.

"Weye nini?"

"Iko mimi niliandika hiyo."

"Na ya papa iko wapi?"

"Niliifuta. Mbele sijakujua. Na gome."

"Sababu ya nini?"

"Nilitaka kitabu ikuwe safi."

"Safi," alisema. Alilitamka kama neno analolisikia mara ya kwanza.

Bibi alisema kitu kwa lugha yao, kifupi. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

"Na hizi mbili?" yule mama aliuliza.

"Hizi ni zake. Nilipitisha kreyo juu ya alama yenye ilibaki. Ni zake kweli."

"Mi nitajua namna gani?"

Nilitaka kumweleza habari za jua la upande na vijia kwenye karatasi, na tarakimu niliyoilinganisha. Kisha nikaikumbuka tarakimu ile, na jinsi nilivyoridhika nayo. Sasa hata mimi sikuwa na hakika nayo. Nilikuwa nimemfutia mmoja na kuwatia shaka wote watatu.

Watoto wa jirani walipita wakisukuma gurudumu. Yule mama alisubiri wapite.

"Futa ile yako," alisema, akaniwekea kitabu magotini.

Nilikuwa na gome mfukoni, sijui kwa nini nilikuwa nalo. Nilifuta kwa upande mwekundu, taratibu, huku wote wawili wananitazama mkono. Siku yangu ya kuzaliwa ilitoka upesi sana. Jina sikuligusa.

"Sasa andika yenye bibi anasema. Na biki."

"Biki itapita upande ya picha, mama."

"Ipite."

Nikatoa kalamu. Nikaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ambao sikuuona kwa siku nyingi na ambao si mzuri: alizaliwa wakati wa kuvuna maharage. Neno la mwisho lilipanda juu kidogo. Nilitamani kuanza upya na hapakuwa na pengine pa kuanzia. Kisha nikafikiria seremala, na misalaba, na kwamba maharage ya kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

"Maharage ya kwanza ao ya pili?" niliuliza.

Bibi alifungua mdomo kujibu mara moja, akaufunga. Alianza kuhesabu kwenye vidole. Alitaja mvua iliyobomoa daraja, akataja harusi ya mtu, akataja mwanamke mwingine aliyezaa wiki hiyohiyo na mtoto wake akafa. "Ya kwanza," alisema. Kisha, "Hapana, ngoja. Ile ya kwanza ilioza yote na mvua, hatukungoa kitu." Alishika kidole kimoja akakiangalia. "Ao ulikuwa mwaka ule mwingine. Mi nilipokea batoto mingi."

Wino ulikuwa unakauka kwenye ncha ya kalamu. Bibi alianza tena kutoka kwenye daraja, kwa sauti ya chini, na safari hii hakufika kwenye harusi.

Yule mama akakitoa kitabu magotini pangu, akakifunga, akakiviringisha katika kitambaa. Ile karatasi ya barafu aliirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki, pamoja na kadi. Hakuiweka ndani ya kitabu, na mimi sikumwomba kitabu wala karatasi.

"Kesho nitaenda kwa fundi," alimwambia bibi, si mimi. "Nitamwambia aandike maharage."

"Ku musalaba?" bibi alisema. "Haiandikwaki vile."

"Basi bibi, uniambie. Aandike nini?"